Zawadi ya bibi humaliziwa mbele ya mjukuu

Mkoba wa ukindu uliokamilika kabla ya safari mara nyingi haumfai mtoto aliyeshonewa. Bibi yuko Amu (Lamu), mjukuu yuko Malindi, Mombasa au Nairobi, na mara ya mwisho kuonana ilikuwa Iddi ya mwaka jana. Mtoto wa miaka mitano hadi kumi hurefuka sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka. Kwa hivyo gauni lililokatwa kwa kukumbuka humpanda juu ya magoti, na mkanda wa mkoba humbana kwapani. Mtoto atasema ahsante, maana amefunzwa adabu, kisha mkoba utatundikwa msumarini mpaka uote kuvu.

Sisi tunaowasukia na kuwashonea wajukuu tumeliona hili mara nyingi mno, na dawa yake ni kuigawanya kazi. Kazi nzito ifanyike nyumbani kwa bibi. Kazi ya mwisho iachwe makusudi, ifanyike nyumbani kwa mjukuu, naye amekaa ubavuni. Kazi hiyo ya mwisho ni mkanda wa mkoba, upindo wa gauni, kifungo, nywele za mtoto wa bandia. Hizo ndizo sehemu zinazotaka kipimo cha mwili na rai ya mtoto mwenyewe, tena ni nyepesi: alasiri mbili au tatu zinatosha, na sebule ya watu haijazwi takataka za makuti.

Tuanze na ukindu, kwa kuwa ndio unaotaka siku nyingi.

Makuti yanayotakiwa ni machanga, yale ambayo bado yamefumba katikati ya mkindu. Yakishafunguka na kupigwa jua mtini huwa magumu, na chane zake, yaani vipande vyembamba vya kusukia, hukatika kwenye mkunjo. Anayekata mwenyewe achukue kuti moja au mawili kwa kila shina na asiguse moyo wa mti, kwani moyo ukikatwa shina hilo limekufa. Mkindu hupenda mahali penye maji, kwa hivyo asiyekuwa nao karibu hununua mafungu. Ukinunua, nusa kwanza. Fungu lenye harufu ya kuvu litaendelea kunuka hata baada ya kutiwa rangi, na mkoba utamnukia mtoto kwenye nguo. Kisha kunja ukuti mmoja mara mbili kwa vidole: ukisikia mlio wa kuvunjika, huo ni mzee au umekauka kupita kiasi.

Makuti huanikwa jua kali siku tatu au nne, yakigeuzwa asubuhi na adhuhuri, na kuingizwa ndani kabla ya magharibi. Umande wa usiku huacha madoa meusi ambayo rangi haiyafichi. Wakati wa kaskazi kazi hii haina taabu. Masika, ambapo mvua haitabiriki na hewa ina unyevu mchana kutwa, tunawashauri wenzetu wasianze kabisa. Ukindu uliokaushwa kwa kubahatisha mwezi wa Mei ndio unaoota kuvu mwezi wa Agosti, watoto wakiwa likizoni.

Kuchana ni kutoa uti wa katikati na kingo zote mbili, kisha kupasua kilichobaki. Wazoefu huchana kwa ukucha wa dole gumba. Anayeanza apige sindano mbili kwenye kibao laini, zikiwa zimeachana milimita 4, aukandamize ukuti juu yake na kuuvuta: chane zitatoka sawasawa. Upana huo wa milimita 4 unafaa mkoba wa mtoto. Chane pana, za jamvi, huufanya mkoba uwe mgumu na kingo zake huchuna mikono midogo.

Sasa hesabu, maana wengi huishiwa na ukindu njiani wakalazimika kuongeza wa fungu jingine wenye rangi tofauti. Mkoba wa mtoto wa miaka sita hadi minane, wenye mzunguko wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 18, unataka ukili, yaani utepe mrefu uliosukwa, wa mita 4 ukisukwa kwa chane 13. Ukili huo una upana wa sentimita 3 na nusu. Kwa kuwa chane hupita kimshazari, na kila chane mpya hulazwa juu ya ile inayokwisha, mita 4 hizo hula chane 250 zenye urefu wa sentimita 37 hivi. Andaa 350. Kila ukuti hutoa chane tatu au nne, basi kuti 120 zitatosha, na ziada itakwenda nawe safarini. Utaona baadaye kwa nini.

Rangi. Sufuria ya kutilia rangi isirudi jikoni tena. Chane 100 hutaka lita 2 za maji, kijiko kimoja cha chai cha rangi ya unga, na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Maji yakichemka tia rangi, koroga mpaka iyeyuke yote, kisha zamisha chane zilizofungwa legelege kwa uzi. Ukizifunga kwa kukaza, pale penye fundo patabaki peupe. Moto uwe mdogo, dakika 20 hadi 30, ukigeuza kila mara. Suuza maji matatu, anika kivulini.

Hapa ndipo watu wanapoharakisha, na hapa ndipo mkoba unapomharibia mtoto shati jeupe la shule. Kabla ya kusuka, lowesha kitambaa cheupe ukisugue kwenye chane kwa nguvu mara kumi. Kikitoka na rangi, rudisha chane kwenye maji ya moto yasiyo na rangi, usuuze upya, ujaribu tena. Nyekundu na zambarau ndizo zinazosumbua zaidi. Usijidanganye kwamba itatulia yenyewe. Jasho la mkono wa mtoto linatosha kuiyeyusha.

Kuhusu kuchagua rangi, simu ipo. Mpigie mjukuu umuulize. Wakiwa dada wawili, suka mikoba ya mfano mmoja na umbo moja, ila ukingo wa juu uwe na rangi tofauti. Mikoba inayofanana kila kitu huleta ugomvi wa "huu ni wangu" kabla ya bibi kuondoka, na inayotofautiana ukubwa huleta swali baya zaidi: nani anapendwa.

Kusuka kwenyewe huanzia kwenye kitambaa chenye unyevu. Zivingirishe chane humo nusu saa. Usizitose majini. Chane iliyoshiba maji huvimba, nawe unaisuka imevimba, ikikauka inasinyaa na ukili unabaki na matundu ya kupitisha mbegu ya ufuta.

Tazama mkono wa msukaji kwa karibu. Chane ya pembeni kulia inashikwa kwa dole gumba na cha shahada, inakunjwa ukingoni, inalazwa juu ya mbili, inapita chini ya mbili, juu ya mbili tena, mpaka ikutane na wenzake wa kushoto. Kisha chane ya pembeni kushoto nayo hivyo hivyo. Siri iko kwenye ule mkunjo wa ukingoni. Lazima ubanwe kwa ukucha mpaka ulale kabisa, kama mkunjo wa karatasi. Mkunjo wa mviringo huacha ukingo wenye mawimbi, na mawimbi hayashoneki. Shazia, sindano ya kushonea mikeka, itapita mahali na kukosa mahali. Kila baada ya mita moja, ulaze ukili sakafuni kwenye mstari ulionyooka. Ukipinda kuelekea kulia, mkono wako wa kulia unavuta kuliko wa kushoto. Kurekebisha ni kulegeza mkono huo kuanzia hapo. Kuvuta kwa nguvu zaidi upande wa pili hakusaidii, kwani kutaufanya ukili uwe mwembamba.

Chane inapobaki sentimita 7, laza mpya juu yake na usuke zote mbili kama moja mpaka ya zamani ikwishe. Usiunge chane mbili za jirani mahali pamoja. Ziachane angalau sentimita 3, la sivyo hapo patakuwa na uvimbe na baadaye patakatika. Ncha zote zitokeze upande mmoja tu. Huo ndio utakaoangalia ndani ya mkoba. Zipunguze kwa mkasi ukili ukishakauka, siyo kabla, kwa sababu ncha iliyokatwa ikiwa na unyevu hurudi ndani na kuchomoka.

Ukili ukikamilika uache siku nzima ukauke, kisha uvingirishie chupa juu yake kwa nguvu ili ulainike na kulala.

Kushona mkoba ni kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka na magunia. Uzi wa nailoni huuzwa kila duka, ila una tabia ya kukata chane polepole kama msumeno, hasa kwenye kitako panapobeba uzito. Chane nyembamba iliyosokotwa hushona vizuri zaidi: inakauka pamoja na ukili na kushikana nao. Ukilazimika kutumia nailoni, chagua nene, na hatua za mshono ziwe sentimita 1, zisizidi.

Anza na kitako. Kunja ncha ya ukili kwa urefu wa sentimita 12, shona kingo mbili zinazokutana, halafu zungusha ukili pembeni yake ukishona ukingo kwa ukingo. Kwenye zile kona mbili ukili hautakubali kulala. Unakunyata na kutaka kuinuka. Uache uinuke. Wanaoanza hupambana nao kwenye kona wakivuta uzi ili kitako kilale kama sahani, na matokeo yake ni kitako kilichopinda kisichokaa mezani. Ukiufuata, mzunguko wa pili utakuwa tayari umeshaanza kuwa ubavu wa mkoba. Endelea kuzunguka mpaka ukifika kimo cha sentimita 18. Mwisho wa ukili ukatwe mshazari wa sentimita 10 ili mdomo wa mkoba usiwe na ngazi, kisha ukunjiwe ndani na kushonwa.

Ndani weka bitana ya bafta au kipande cha leso kuukuu. Bafta mpya ifuliwe kwanza. Bitana ishonwe kwenye mdomo peke yake na ikae huru chini, ili mkoba ukilowa uweze kuigeuza nje na kuianika.

Hapo simama. Mkanda usisukwe. Funga chane 100 zilizobaki kwenye karatasi, pamoja na shazia, uzi, mkasi mdogo na futi ya kupimia, uzitie ndani ya mkoba wenyewe.

Gauni la leso lina mambo yake. Doti moja ni leso mbili, kila moja kama sentimita 150 kwa 110, kwa hivyo dada wawili wanapata gauni moja moja kutoka doti ile ile, na bibi hahitaji kueleza usawa, wao wenyewe wanauona. Wakiwa watatu, nunua doti mbili za aina moja na leso inayobaki mpe mama yao. Hii ni zawadi inayofungua mlango vizuri kuliko maneno.

Lakini soma jina kabla ya kulipa. Wengi wetu huangalia pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, tukapenda rangi, tukasahau maandishi. Majina mengi ya leso ni vijembe vya wake wenza na majirani. Bibi akiingia nyumbani kwa mkwe wake na leso ya mafumbo, mkwe ataisoma kabla ya kuikunja, na hakuna atakayemshawishi kwamba haikukusudiwa yeye. Tafuta jina la dua au la wema. Methali kama "Wema hauozi" haina anayeweza kuigeuza.

Leso mpya ina wanga mwingi na rangi isiyotulia. Iloweke maji baridi yenye chumvi, peke yake, usiku kucha, kisha ifue na kuianika kivulini. Ikatwe baada ya hapo tu. Ukikata kwanza, gauni litaingia baada ya kufuliwa mara ya kwanza na mishono itajikunja.

Kwa mtoto wa miaka sita, ambaye kifua chake kwa kawaida ni karibu sentimita 60, kata vipande viwili vya upana wa sentimita 40 kila kimoja, na urefu wa sentimita 80 kutoka begani. Kinachozidi ni cha upindo. Panga kipande cha mbele ili jina likae juu ya pindo la chini, lisomeke mtoto akiwa amesimama. Jina likiwa nyuma, mtoto atalikalia. Tena angalia leso haikugeuka juu chini. Kosa hili huonekana tu gauni likishavaliwa, na halirekebishiki.

Kosa linalowapata hata mafundi ni shingo. Watu hupima shingo ya mtoto na kusahau kichwa. Kichwa cha mtoto wa miaka sita kina mzunguko wa karibu sentimita 51 au 52, na gauni lisilo na zipu lazima lipite hapo. Tundu la shingo liwe na mzunguko wa sentimita 55, au liwe dogo zaidi lakini lichanwe nyuma sentimita 10 na kuwekewa kitanzi na kifungo. Kitanzi kishone nyumbani. Kifungo kiache, mtoto atachagua mwenyewe kutoka kwenye mfuko wa vifungo, na niamini, jambo hilo dogo litakumbukwa kuliko gauni.

Upindo wa chini pia uache haujashonwa. Ukifika, mvalishe, mwambie asimame wima juu ya sakafu tupu, siyo juu ya zulia, utie pini mbele, nyuma na mbavuni. Kunja ndani sentimita 8 au zaidi na uzishone kwa hatua ndefu za mkono. Mwakani mama yake atafumua sehemu yake, na gauni litamfaa mwaka mwingine. Mashine ya cherehani hapo haifai: mshono wake ukifumuliwa huacha mstari wa matundu.

Kwa mjukuu mdogo, mtoto wa bandia wa kitambaa hufaa kuliko mkoba. Mjaze sufi, lakini ichambue mbegu zote. Zina mafuta, zitatoa madoa kwenye kitambaa na kuwaita panya. Sufi ikilowa hushikamana na kukawia kukauka, basi acha mshono wa mgongoni uwe wa mkono, ili siku ya kumfua itolewe. Macho yashonwe kwa uzi. Vifungo ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Huving'oa kwa meno na kuvimeza.

Safari yenyewe inaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Kutoka Amu kwenda jeti ya Mokowe ni kwa mashua, na maji ya chumvi yakirukia ukindu hayakauki yakaisha: chumvi inabaki ndani na kuvuta unyevu wa hewani, mkoba ukawa unanata na kuota kuvu wiki mbili baadaye. Ufunge ndani ya leso, ukae nao mapajani katikati ya mashua. Ukilowa, upanguse siku hiyo hiyo kwa kitambaa cha maji baridi na uuanike kivulini. Kwenye basi, kupitia Hindi, Witu na Garsen mpaka Malindi, usikubali mkoba upelekwe buti chini ya magunia. Ujaze nguo ili usibondeke, na usiufunge kwenye plastiki. Joto la basi pamoja na plastiki ni tanuri la kuvu.

Kuna zawadi ambazo hazisafiri, na mtu asijitaabishe kuzisafirisha. Kikuba cha asmini ni cha usiku mmoja. Vikonyo huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vikatungwa kwa uzi pamoja na rehani, na huchanua usiku mtoto akiwa navyo. Wajukuu wanapokuja Amu, kwa Maulidi ya Mfungo Sita au likizo ya Desemba, hicho ndicho cha kuwafanyia. Ukiwafuata wewe Nairobi, usibebe asmini zilizotungwa. Zitafika za kahawia.

Hina inasafiri, ila uliza kwanza. Shule nyingi hazimkubali mtoto mwenye hina mikononi, na rangi yake hudumu wiki moja hadi tatu. Hivyo wapake mwanzo wa likizo, siyo siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Na iwe hina ya majani, ile inayokolea taratibu na kutoa rangi ya machungwa mpaka kahawia iliyoiva. Piko, hata wakililia, usiwapake. Hiyo ni dawa ya kutia nywele weusi. Ngozi ya mtoto huweza kuumuka malengelenge na kubaki na kovu, na mwili ukishaichukia huichukia maisha yote. Tunasisitiza hili kwa sababu wanaopaka watoto piko huwa wanawapenda na hawakuambiwa.

Sasa namna ya kutoa. Usifungue mzigo mlangoni. Siku ya kwanza ni ya kuamkiana, shikamoo na marahaba, kula na kupumzika. Halua na achari za maembe zitoke siku hiyo, kwani ni za nyumba nzima. Kazi ya mikono isubiri siku ya pili alasiri. Kabla ya hapo zungumza na mama wa watoto, awe binti yako au mkwe: "Mwanangu, kesho baada ya alasiri nataka kukaa na watoto, nitandike mkeka wapi?" Nyumba ni yake. Atakupa kona yenye mwanga, na atajua mwenyewe kupanga kazi za shule za watoto ziishe mapema. Bibi anayeanzisha shughuli bila kuuliza huwaweka watoto kati ya amri mbili.

Beba kitu kidogo cha ziada, upepeo wa kiganja au kikapu cha kutilia kalamu. Katika nyumba yoyote kuna mtoto wa jirani, au binti wa ndugu anayelelewa hapo, na hakuna linalouma kama mtoto mmoja kukaa pembeni akitazama wenzake wakigawiwa.

Mkalishe mjukuu mkekani, umpe mkoba usio na mkanda. Atauliza mkanda uko wapi. Hapo ndipo utani unapoingia, ule wa bibi na mjukuu: "Mke mwenzangu, mkanda unausuka wewe. Unataka nikufanyie kila kitu?" Msimamishe, pima kutoka mfupa wa nyonga kupanda begani la upande wa pili na kushuka nyuma mpaka nyonga ile ile. Kwa mtoto wa miaka saba mara nyingi ni kama sentimita 95 hadi 105. Ongeza sentimita 16, nane kila ncha, za kushonea kwenye mbavu za mkoba. Mkanda ulioshonwa mdomoni tu hung'oka na ukingo wake. Ukishuka sentimita 8 uzito hugawanyika kwenye mizunguko miwili au mitatu ya ukili.

Chane tano zinamtosha mtoto kujifunzia: juu ya moja, chini ya moja. Mwanzo mfungie kwenye kidole chako cha mguu au kwenye mguu wa kiti ili apate cha kuvutia. Mkanda wenyewe usisukwe upana mmoja na wa kujifunzia. Suka wa chane saba, zikiwa zimelazwa mbili mbili kwa unene. Hesabu ni chane 70 au 80 kwa mkanda mzima, kwa hivyo zile 100 zitatosha hata ukimwachia mtoto za kuchezea. Za mwanzo atazivunja kwa kukunja bila unyevu. Mwache avunje mbili, kisha mpe kitambaa kilicholowa ajaribu tena, atajua tofauti kwa vidole vyake.

Ukili wake wa kujifunzia hautanyooka. Utakuwa mpana mahali na mwembamba mahali, na mikunjo yake itasimama. Usiufumue usiku akiwa amelala ukausuka upya. Asubuhi ataujua si wake. Akifikisha sentimita 50, funga ncha zake kwa uzi, uuviringishe, urudi nao Amu. Mkoba wa mwakani, utakapofika mdomoni, uzungushie ukili huo ndani ya ukingo, pale ambapo mkono wa mtoto hupita kila anapotia kitu. Panahitaji unene hapo hata hivyo.